Alfred Wegener na Mabara Yasogeayo

Itazame ramani ya dunia iliyo ukutani mwa darasa lenu, au ile iliyomo katika atlasi. Weka kidole chako juu ya Ghuba ya Guinea, katika pwani ya magharibi ya Afrika. Sasa kipeleke kidole hicho ng'ambo ya bahari ya Atlantiki mpaka pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini. Utaona kwamba nchi ya Brazili imechomoza mbele mithili ya bega, na kwamba pwani ya Afrika imeingia ndani mahali panapolitosha bega hilo. Mabara hayo mawili yaonekana kama vigae vya chungu kimoja kilichovunjika.

Watu wengi walikwisha kuliona jambo hilo kabla yako, tangu ramani nzuri za Atlantiki zilipoanza kuchorwa. Walistaajabu kidogo, kisha wakaikunja ramani na kuendelea na shughuli zao. Katika somo hili utasoma maisha ya mtu ambaye hakuridhika na kustaajabu tu. Jina lake ni Alfred Wegener.

Utoto na masomo yake

Alfred Wegener alizaliwa mjini Berlin, nchini Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1880. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watano. Baba yake alikuwa mchungaji na mwalimu wa lugha za kale. Alfred alisoma elimu ya nyota, akapata shahada ya udaktari mwaka 1905. Hata hivyo, kazi ya kuketi nyuma ya darubini haikumtosheleza. Akageukia elimu ya hali ya hewa, ambayo wakati ule ilikuwa bado changa.

Kumbuka kwamba siku zile hapakuwa na setilaiti. Mtu aliyetaka kujua baridi na pepo za angani ilimbidi arushe vipimio kwa tiara, au apande mwenyewe kwa puto kubwa la gesi. Mwezi Aprili 1906, Alfred na kaka yake Kurt walipanda puto wakakaa hewani kwa muda wa saa 52 na nusu. Hakuna aliyepata kukaa angani kwa puto muda mrefu kama huo kabla yao.

Mwaka huohuo Wegener alisafiri kwenda Greenland kwa mara ya kwanza. Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani. Kiko upande wa kaskazini kabisa, na sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu ambayo mahali pengine ina unene wa zaidi ya kilometa 3. Huko alijenga kituo cha kupimia hali ya hewa, akakaa mpaka mwaka 1908. Katika safari hiyo kiongozi wa msafara na wenzake wawili walikufa barafuni. Basi tangu ujana wake Wegener alifahamu kwamba elimu aliyoitafuta ilikuwa na gharama.

Fumbo la ramani

Aliporudi Ujerumani alifundisha katika Chuo Kikuu cha Marburg. Ndipo alipoanza kulifikiria fumbo la pwani zinazooana. Mwaka 1911, akiwa maktabani, alikuta maandishi yaliyotaja visukuku, yaani mabaki ya mimea na wanyama wa kale yaliyogeuka kuwa mawe. Maandishi hayo yalieleza kwamba visukuku vya namna moja vimepatikana pande zote mbili za Atlantiki. Wanyama hao walivukaje bahari?

Wataalamu wa siku zile walikuwa na jibu lao. Walisema kwamba hapo kale palikuwapo madaraja ya nchi kavu kati ya mabara, na kwamba baadaye madaraja hayo yalizama baharini. Wegener hakulikubali jibu hilo. Miamba ya mabara ni myepesi kuliko miamba ya sakafu ya bahari. Wewe umeona gogo likielea mtoni. Je, laweza kuzama lenyewe ndani ya kitu kizito kuliko lenyewe? Ikiwa madaraja hayakuweza kuzama, basi hayakuwapo. Lililobaki ni kusema kwamba mabara yenyewe yalikuwa pamoja, kisha yakaachana.

Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, Wegener alisimama mbele ya wataalamu wa miamba akaeleza nadharia yake. Alikuwa na umri wa miaka 31, na tena hakuwa mtaalamu wa miamba.

Ushahidi alioukusanya

Tuseme umeokota vipande viwili vya kanga. Utajuaje kwamba ni vya kanga moja? Kwanza utaviweka pamoja uone kama kingo za mchano zaoana. Lakini hilo halitoshi. Utatazama pia kama mistari ya pindo na maua ya mji yanaendelea kutoka kipande hiki hadi kile. Yote yakiendelea, huna shaka tena.

Wegener alifanya hivyohivyo. Pwani za mabara zilikuwa kingo za mchano. Kisha akayatafuta maua.

Ua la kwanza lilikuwa wanyama. Mesosaurus alikuwa mnyama mdogo wa jamii ya reptilia, mwenye umbo kama la mamba mwembamba. Visukuku vyake hupatikana kusini mwa Afrika na mashariki mwa Amerika ya Kusini, wala havipatikani penginepo. Mnyama huyo hakuwa na uwezo wa kuvuka bahari kuu.

Ua la pili lilikuwa mimea. Mmea wa kale uitwao Glossopteris, wenye majani ya umbo la ulimi, umeacha visukuku vyake Afrika, Amerika ya Kusini, India, Australia na hata Antaktika, ambako leo hakuna msitu wowote.

Ua la tatu lilikuwa alama za hali ya hewa ya kale. Kusini mwa Afrika na India kuna miamba iliyokwaruzwa na mito ya barafu iliyopita juu yake mamilioni ya miaka iliyopita. Kinyume chake, katika visiwa vya Spitsbergen, karibu na Ncha ya Kaskazini, kuna visukuku vya mimea ya nchi za joto. Jambo hilo laeleweka tu ikiwa nchi hizo zilikuwa mahali pengine zamani.

Kwa hiyo Wegener alisema kwamba hapo kale nchi kavu yote ilikuwa bara moja kubwa, ambalo limekuja kuitwa Pangaea. Leo tunajua kwamba bara hilo lilianza kupasuka kiasi cha miaka milioni 200 iliyopita.

Upinzani

Mwaka 1914 vita kuu ilizuka Ulaya. Wegener alipelekwa vitani akajeruhiwa mara mbili. Alipokuwa akiuguza majeraha aliandika kitabu juu ya asili ya mabara na bahari, kikatolewa mwaka 1915. Aliendelea kukisahihisha na kukiongeza mpaka mwaka 1929.

Wataalamu wengi walikipinga, na wengine walimdhihaki. Usidhani kwamba wote walikuwa wajinga. Walimwuliza swali la haki: ni nguvu gani iwezayo kusukuma bara zima? Wegener alijaribu kutaja nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, pamoja na mvuto wa mwezi na jua. Wapinzani wake walipiga hesabu, wakaonyesha kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno. Katika hilo walikuwa sahihi. Wegener alikuwa ameligundua jambo la kweli, lakini hakuwa amejua sababu yake.

Mabishano hayo hayakumsaidia katika kazi. Ilimpasa kungoja mpaka mwaka 1924 ndipo alipopata cheo cha uprofesa katika Chuo Kikuu cha Graz, nchini Austria. Barani Afrika alipata rafiki wa fikra zake, Alexander du Toit wa Afrika Kusini. Mtaalamu huyo alikwenda Amerika ya Kusini kulinganisha miamba, akaona kwamba inafanana na ile ya kwao.

Safari ya mwisho

Mwaka 1930 Wegener aliongoza msafara mwingine kwenda Greenland. Wenzake wawili walikuwa katika kituo kilicho katikati ya barafu, kilometa 400 kutoka pwani ya magharibi, tayari kupima hali ya hewa wakati wote wa majira ya baridi. Akiba yao ya chakula na mafuta haikutosha. Mwezi Septemba Wegener aliondoka pwani na magari ya barafu yaliyokokotwa na mbwa ili kuwapelekea mahitaji. Dhoruba ziliwazuia njiani, na wenyeji wengi waliofuatana naye walirudi. Walibaki watu watatu: Wegener, mwenzake Fritz Loewe, na kijana wa Greenland aitwaye Rasmus Villumsen.

Walifika kituoni tarehe 30 Oktoba, baada ya siku 40, katika baridi iliyopungua mpaka nyuzi 50 chini ya sifuri. Mizigo mingi walikuwa wameiacha njiani. Vidole vya miguu vya Loewe vilikuwa vimeganda, hakuweza kusafiri tena. Chakula kilichokuwapo kisingewatosha watu watano mpaka majira ya joto. Basi tarehe 1 Novemba 1930, siku aliyotimiza miaka 50, Wegener aliondoka pamoja na Villumsen kurudi pwani. Hawakufika.

Mwezi Mei 1931 mwili wa Wegener ulipatikana karibu nusu ya njia. Villumsen alikuwa ameuzika kwa uangalifu ndani ya theluji, akasimamisha mbao za kutelezea juu ya kaburi ziwe alama. Yadhaniwa kwamba moyo wa Wegener ulishindwa kwa uchovu. Villumsen mwenyewe hakuonekana tena. Wale watatu waliobaki kituoni waliokoka.

Ukweli wadhihirika

Katika miaka ya 1950 na 1960 wanasayansi walipima sakafu ya bahari kwa vyombo vipya. Walikuta safu ndefu ya milima katikati ya Atlantiki, na wakatambua kwamba hapo miamba ya moto hupanda, hupoa, na kuwa sakafu mpya. Kadiri sakafu inavyoongezeka, ndivyo Afrika na Amerika ya Kusini zinavyozidi kuachana. Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa, na mabara huchukuliwa juu ya mabamba hayo. Mabamba husogea kwa sababu miamba ya moto iliyo chini yake hujongea polepole mno, na kwa sababu kingo zake nzito huzama na kuvuta sehemu iliyobaki. Hiyo ndiyo nguvu ambayo Wegener hakuijua. Mwendo wenyewe ni wa sentimeta chache kwa mwaka, karibu sawa na kukua kwa kucha zako.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kuyaona hayo. Bonde la Ufa ni mahali ambapo bara letu linapasuka, na Wegener mwenyewe alilitaja katika kitabu chake. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha meta 1,470, limo katika ufa huo. Volkano ya Oldoinyo Lengai na matetemeko ya ardhi ya mara kwa mara ni dalili za kazi hiyohiyo. Pande za ufa huachana kwa milimeta chache tu kwa mwaka, wala hakuna haja ya kuhofu kwamba nchi itakatika usiku mmoja. Hapo kale kisiwa cha Madagaska nacho kilishikamana na pwani yetu.

Kazi ya vitendo

1. Weka karatasi nyembamba juu ya ramani ya dunia. Fuatisha pwani za Afrika na Amerika ya Kusini, kisha zikate. Jaribu kuziunganisha. Ni wapi zinapooana vizuri? Ni wapi zinapoacha nafasi?
2. Mbele ya mwalimu au mzazi, bandika sufuria ya maji jikoni, utie punje chache za mchele. Maji yanapochemka, tazama punje zinapanda wapi na kushuka wapi. Linganisha na mwendo wa miamba iliyo chini ya ganda la dunia.

Maswali

1. Kwa nini Wegener hakukubali kwamba madaraja ya nchi kavu yalizama baharini?
2. Taja ushahidi wa namna tatu uliotolewa na Wegener, mbali na umbo la pwani.
3. Wapinzani wa Wegener walikuwa sahihi katika jambo gani? Walikosea katika jambo gani?
4. Ikiwa mabara mawili huachana kwa sentimeta 3 kila mwaka, yatakuwa yameachana kwa meta ngapi baada ya miaka 1,000?
5. Villumsen alifanya nini ili kaburi la Wegener lipate kuonekana?
6. Eleza dalili mbili za kusogea kwa ganda la dunia zinazoonekana katika Afrika ya Mashariki.