Askofu Cassian Spiss na Afya ya Kanisa

Tarehe 14 Agosti ni mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Katika nchi ya Songea siku hiyo ina ukumbusho mwingine, maana ndiyo siku aliyouawa Askofu Cassian Spiss, mwaka 1905, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, huko Mikukuyumbu katika nchi ya Liwale. Jina lake lajulikana na wengi, lakini maisha yake husimuliwa kwa maneno machache mno: alikuja, akaanzisha Peramiho, akauawa. Yafaa tuyasimulie tena kwa utaratibu, kwa sababu ndani yake twaweza kujifunza jambo ambalo kila parokia na kila nyumba ya Kikristu yapaswa kujiuliza, yaani, Kanisa lenye afya ya roho latambulikana kwa nini?

Cassian Spiss alizaliwa mwaka 1866 katika kijiji cha St. Jakob, milimani Tirol, nchi ya Austria. Akawa padri, na mtawa wa shirika la Wabenediktini Wamisionari, ambao nyumba yao kuu ni St. Ottilien katika nchi ya Bavaria. Shirika hilo lilikuwa bado changa, nalo lilikuwa limekwisha kuonja mateso katika Afrika. Wamisionari wake wa kwanza walifika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888, na mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita ya pwani dhidi ya Wajerumani, misioni hiyo ilivamiwa, wakauawa mabruda wawili na sista mmoja. Basi Padri Cassian alipokubali kuja huku, alijua vema anakwenda wapi.

Mwaka 1898 alifika Ungoni akaanzisha misioni ya Peramiho. Wakati ule nchi ilikuwa na tawala mbili za Wangoni, Njelu na Mshope. Peramiho ilikuwa katika Njelu, ambako baadaye Nkosi Mputa Gama alitawala. Wangoni walikuwa watu wa vita waliotoka kusini, nao walikuwa wametawala makabila mengi waliyoyakuta. Kwa hiyo padri mgeni hakukuta lugha moja tu. Alikuta Kingoni cha wakubwa waliokuja, na alikuta Kisutu, lugha ya watu waliotawaliwa.

Padri Cassian alijifunza zote mbili. Hakuridhika na maneno ya kuagizia maji na kuni. Aliketi, akasikiliza, akaandika, hata mwaka 1904 maandishi yake juu ya Kingoni na Kisutu yakachapwa huko Ujerumani. Wataalamu wa lugha huyatumia mpaka leo. Lakini kwetu sisi maana yake ni kubwa kuliko elimu ya sarufi. Padri anayejifunza lugha ya nkosi peke yake anatafuta kibali cha nkosi. Padri anayejifunza na lugha ya mtumwa amekwisha kusadiki kwamba roho ya mtumwa huyo nayo yastahili kusikia Injili kwa maneno aliyonyonya kwa mama yake.

Walakini hatutatenda haki tukisimulia mema peke yake. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897, na misioni ikaja mwaka uliofuata. Watu waliona Wazungu wale wakifuatana, mmoja akidai kodi na kazi ya nguvu, mwingine akiwaita watoto shuleni. Nani angewalaumu kwa kutotofautisha? Tena katika miaka ile kabla ya vita, padri mmoja wa Peramiho alichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, yaani mahali pa kuwaheshimu wazee waliokufa. Labda alidhani kwamba anaangusha sanamu. Nkosi aliona kwamba babu zake wametukanwa na mgeni ambaye nyuma yake yako majeshi ya serikali. Jambo hili limeandikwa katika historia, na mtu asiogope kulitaja. Mgonjwa anayemficha mganga maumivu yake hatapona.

Mwaka 1902 Padri Cassian aliwekwa kuwa Askofu. Eneo lake lilikuwa kubwa ajabu: toka pwani ya Dar es Salaam mpaka Ziwa Nyasa, na toka huko mpaka mto Ruvuma. Hapakuwa na gari wala barabara kama za leo. Kuwaona kondoo wake wa Ungoni ilimpasa asafiri kwa chombo mpaka Kilwa, kisha ashike njia ya miguu kwa majuma mengi, pamoja na wapagazi. Angeweza kukaa pwani na kutawala kwa barua, lakini hakufanya hivyo.

Mwisho wa Julai 1905 vita ya Majimaji ilianza katika vilima vya Umatumbi. Watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi imewalemea, nao wakapata matumaini katika maji ya dawa aliyoyatoa Kinjeketile wa Ngarambe, wakasadiki kwamba yatageuza risasi kuwa maji. Katika siku hizo hizo Askofu alikuwa ametoka Kilwa kuelekea Peramiho. Alifuatana na Bruda Gabriel Sonntag, Bruda Andreas Scholzen, Sista Felicitas Hiltner na Sista Cordula Ebert. Walikuwa wakienda kuwaongezea nguvu ndugu zao katika misioni. Tarehe 14 Agosti walikutana na wapiganaji, wakauawa wote watano. Askofu alikuwa na umri wa miaka 39.

Moto ukaenea. Mwezi wa Septemba Wangoni nao wakaingia vitani, na misioni ya Peramiho ikateketezwa. Padri Franziskus Leuthner akauawa. Kazi ya miaka saba ikawa majivu: kanisa, shule, nyumba za watawa. Kisha ikaja zamu ya serikali ya Kijerumani kulipiza kisasi, na kisasi chake kilikuwa kikali mno. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wengi wa Ungoni walinyongwa Songea na kuzikwa katika kaburi moja, na Nkosi Mputa akiwa mmoja wa walionyongwa. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wachukua jina lake, alinyongwa baada yao. Vyakula vikachomwa, mashamba yakaharibiwa, njaa ikaingia. Hesabu ya waliokufa katika nchi zote za vita hukadiriwa toka 75,000 hata karibu 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa, wala si risasi.

Katika siku zile za kunyongwa, Padri Johannes Häfliger wa misioni ya Kigonsera aliwaendea wafungwa gerezani, akawafundisha, na wengi wakapokea ubatizo kabla ya kufa. Hatuwezi kusoma habari hiyo bila kutetemeka. Watu waliokuwa wameichoma nyumba ya Mungu walipewa uzima wa Mungu mlangoni pa kifo, na aliyewapa alikuwa ndugu ya wale waliouawa. Mioyo yao aijua Mungu peke yake. Lakini twajua kwamba padri yule aliingia gerezani bila chuki, wakati ambapo watu wengi walitaka kisasi tu.

Sasa, ndugu wasomaji, turudi kwa swali letu. Kama mtu angepita Peramiho mwanzoni mwa mwaka 1905, angesema kwamba Kanisa la pale lina afya. Majengo yalikuwako, watoto walisoma, kengele ililia. Na kama angepita mwanzoni mwa mwaka 1906, angesema kwamba limekufa. Nadhani mtu huyo angekosea mara mbili. Mwaka 1905 mlikuwa na ugonjwa ndani ya uzima ule, maana imani ilikuwa imesimama karibu mno na boma, na mkono wa padri ulikuwa umeshika kiberiti mahali palipotakiwa subira. Na mwaka 1906 mlikuwa na uzima chini ya majivu, maana mbegu iliyopandwa katika lugha ya watu haiungui pamoja na paa la nyasi.

Misioni ilijengwa upya, na watu wakaja kwa wingi kuliko zamani. Tusijidanganye: wengine walivutwa na imani, na wengine walikuja kwa sababu nchi imevunjika nao hawakuwa na kimbilio jingine. Ilihitajika dalili nyingine ya kuonyesha kama imani hiyo ni yao kweli, nayo ilipatikana baada ya miaka kumi tu. Kuanzia mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, Waingereza waliwakamata wamisionari Wajerumani na kuwaondoa. Mwaka 1905 yaliondoka majengo. Safari hii waliondoka mapadri. Misioni nyingi zikakaa bila Misa kwa muda mrefu. Hapakuwa na mtu wa kumlazimisha Mkristu kusali, wala wa kumsifu akisali. Hata hivyo walimu wa dini waliendelea kukusanya watu Dominika, kufundisha wakatekumeni, kubatiza waliokuwa katika hatari ya kufa na kuzika marehemu. Akina mama waliendelea kuwafundisha watoto ishara ya Msalaba. Wamisionari waliporuhusiwa kuingia tena, hawakuanza upya kama katika nchi isiyojua Kristu.

Hapo ndipo afya ya Kanisa ilipoonekana. Imani ilikuwa imetoka mikononi mwa mgeni aliyeileta, ikaingia mikononi mwa watu wenyewe, wakaishika kwa hiari yao. Kanisa lililopokewa kwa hiari laweza kunyang'anywa mali na hata wachungaji, likabaki Kanisa. Kanisa linaloshikwa kwa hofu, au kwa faida, au kwa desturi tu, laweza kuwa na kila kitu likawa limelala mautini.

Mtu akitaka kuyaona matunda ya jambo hili kwa macho yake, na aende Hanga. Katika miaka ya 1950 Abate na Askofu Eberhard Spiess wa Peramiho, ambaye tusimchanganye na Askofu Spiss kwa kufanana majina, alianzisha pale monasteri ili Waafrika wenyewe waishi kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Wengi walikuwa wameuliza kama kijana wa kwetu aweza kuvumilia maisha ya kusali na kufanya kazi chini ya utii, bila mke, bila watoto, bila shamba lake mwenyewe. Hanga imejibu. Leo ni abasia, na watawa wake wamekwenda kuanzisha nyumba nyingine, mojawapo Mvimwa katika mkoa wa Rukwa. Katika nchi ile ile ambako sala ya watawa ilizimwa kwa moto, wajukuu wa wapiganaji wa Majimaji huamka kabla ya mapambazuko, wakaimba sifa za Mungu kwa lugha wanayoielewa, kisha wakashika majembe. Jimbo la Songea lililoanzishwa mwaka 1969 lilipewa mwana wa nchi kuwa Askofu wake, Mhashamu James Joseph Komba, na mwaka 1987 likawa Jimbo Kuu.

Askofu Cassian hakuyaona hayo. Alikufa bila kujua kama kazi yake itabaki, na juma alilokufa kila dalili ilisema kwamba haitabaki. Hilo nalo ni fundisho kwa mapadri, kwa makatekista na kwa wazazi. Wengi wetu twataka kuona afya ya Kanisa katika muda wa hesabu ya mwaka mmoja: wangapi wamebatizwa, wangapi wamefunga ndoa, mchango umefika kiasi gani. Hesabu hizo zina faida yake, wala sizidharau. Lakini hazituambii kama moto ukija kutakuwa na kitu chini ya majivu.

Basi kila nyumba na ijipime. Katekista akihama, je, watoto wenu watajua sala? Padri akikosa kufika kwa miezi mitatu, je, jumuiya yenu itakusanyika? Mtoto wenu akitaka kuwa mtawa, je, mtamwachia kwa furaha, au mtahesabu mahari mtakayoipoteza? Na jirani asiye Mkristu, anayeheshimu wazee wake kwa njia ambayo hamwipendi, je, mwamjia kwa subira ya yule aliyejifunza lugha mbili, au kwa kiberiti?

Mwezi wa Agosti, mtakapokesha kabla ya sikukuu ya Mama Yetu, wakumbukeni Askofu Cassian, Bruda Gabriel, Bruda Andreas, Sista Felicitas na Sista Cordula. Na kila tarehe 27 Februari, watu wa Songea wanapowakumbuka mashujaa wao, Mkristu asikae mbali na kumbukumbu hiyo kana kwamba haimhusu. Awaombee wote kwa Bwana mmoja, waliouawa njiani Mikukuyumbu na walionyongwa Songea. Taifa letu limetoka katika damu ya hao wote, na Kanisa linaloweza kuwaombea wote pamoja, bila kuficha kosa la mtu, limeanza kupona.