Mtakatifu Damiano: Sadaka ya Kubaki



Imani yangu inapopoa, mtakatifu ninayemkimbilia ni Padre Damiano wa Molokai. Leo naomba niwasimulie habari zake.

Alizaliwa Ubelgiji tarehe 3 Januari 1840, jina lake la nyumbani Jozef De Veuster. Kaka yake, mtawa wa shirika hilohilo, ndiye aliyepangiwa kwenda umisionari visiwa vya Hawaii. Kaka akaugua, basi Damiano akaomba aende badala yake, na hapo hata upadre alikuwa hajapata! Akafika Honolulu Machi 1864, akapadrishwa Mei mwaka huohuo.

Zama zile wenye ukoma walitengwa kwa sheria na kupelekwa kisiwa cha Molokai, sehemu yenye bahari pande tatu na magenge marefu upande wa nne. Dawa ya kuwaponya haikuwepo. Askofu akapata mapadre wa kwenda kwa zamu. Damiano akatangulia, tarehe 10 Mei 1873. Lakini yeye zamu hakuitaka, akaomba abaki.

Hapo ndipo ananigusa. Siku moja ya ujasiri mtu anaweza kuipata. Lakini kubaki? Miaka karibu 16 alifunga vidonda, akajenga nyumba, akatengeneza majeneza, akachimba makaburi, akala pamoja na watu ambao wengine waliogopa hata kuwagusa. Desemba 1884 aliingiza mguu kwenye maji ya moto sana, ngozi ikaungua, wala hakusikia maumivu. Akajua: na yeye tayari. Akaendelea na kazi mpaka nguvu zilipomwishia. Alifariki 15 Aprili 1889, akiwa na miaka 49. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu 11 Oktoba 2009.

Vijana wenzangu, sisi hatujatumwa Molokai. Ila kila jumuiya ndogondogo ina mgonjwa ambaye wiki ya kwanza watu walijaa kwake, na sasa ni mwezi wa tatu, hakuna anayebisha hodi. Kwenda mara ya kwanza ni rahisi, yaani hata uvivu haukuzuii. Sadaka inaanza mara ya pili, ya tano, ya kumi. Mimi Jumamosi hii narudi kwa bibi mmoja mtaani kwetu, kumchotea maji na kusali naye. Na ijayo pia.

Wewe je, utarudi kwa nani?

Mtakatifu Damiano wa Molokai, utuombee.