Nansen: alishinda mapema, akaanza tena

Sisi tuliopita kambini tunaijua HCR na makaratasi yake. Lakini ni wachache wanaomjua mtu mwenye alianza kazi ya namna hiyo, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina lake ni Fridtjof Nansen, mtu wa Norwe, aliyezaliwa mwaka 1861.

Kijana Nansen alitaka kuvuka Greenland, kisiwa kikubwa chenye kufunikwa na barafu. Wengine walijaribu kuanzia magharibi, kwenye kuna vijiji. Mambo yakikaza, wanarudi. Yeye akapanga kinyume. Aanzie mashariki, kwenye watu ni wachache sana, ili chakula na nyumba viwe mbele tu, nyuma hakuna. Mwaka 1888, yeye na wenzake watano walivuka. Wakati alirudi Norwe, 1889, alikuwa na miaka 27, na watu wengi walitoka kumpokea.

Angeweza kuikala tu na kula jina hilo. Hapana. Alitengenezesha meli, Fram, yenye umbo la kufanya barafu iinyanyue pahali pa kuivunja. Toka 1893 mpaka 1896 alisafiri upande wa ncha ya kaskazini. Ncha yenyewe hakuifikia, lakini alifika mbali kuliko mtu yeyote aliyejulikana mbele yake. Wakati alirudi, alikuwa na miaka 34.

Sasa, mtu mwenye amepata sifa zote hizo mapema, anafanya nini na miaka inayobaki? Nansen alikuwa na hamu ya kwenda ncha ya kusini pia. Ile hamu aliiacha. Meli akamwachia Roald Amundsen, na Amundsen akafika kule 1911.

Lengo kubwa kuliko yote lilimkuta na miaka 58. Mwaka 1920, Ushirika wa Mataifa, uliotangulia ONU ya leo, ulimwomba arudishe makwao wafungwa wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Vita ilikuwa imekwisha, lakini wao walikuwa bado wanateseka mbali, wengi kule Urusi. Feza ilikuwa kidogo. Nansen alizunguka kuomba mikopo, meli na treni. Kwa miaka miwili hivi, watu zaidi ya 400,000 walirudi nyumbani.

Hakusimama hapo. Mwaka 1921 alipewa kazi ya wakimbizi. Mwaka huohuo njaa kali iliingia Urusi. Aliomba serikali zitoe mkopo, zikakataa. Basi akageukia vyama na watu wa kawaida. Mwaka 1922 alileta karatasi iliyoitwa pasipoti ya Nansen, kwa wakimbizi wasio tena na uraia, ili waweze kuvuka mipaka na kutafuta kazi. Mataifa zaidi ya 50 yaliikubali. Mwaka huo alipata zawadi ya Nobel ya amani, na feza yake akaitoa kwa kusaidia wenye shida. Si kila kitu kilifaulu: mpango wake mkubwa wa kuwapatia wakimbizi wa Armenia pahali pa kukaa ulikosa feza. Aliendelea kuwatetea mpaka kufa, 1930.

Jina lake limefika mpaka kwetu. HCR inatoa zawadi ya Nansen, na mwaka 2013 aliyeipata ni Sista Angélique Namaika wa Dungu, hapa Kongo, juu ya kazi yake na wanawake waliokimbizwa na LRA.

Wandugu, kurudi nyumbani ulikuwa ushindi wetu wa kwanza. Tuusherehekee, lakini tusilale juu yake. Mwenye amekwisha kupata shamba na paa, lengo lake la sasa ni gani? Na ninyi wafadhili, mkumbuke: wakati serikali zilikataa, kazi ya Nansen ilisimama kwa mchango wa watu kama ninyi.

Katika mkutano unaokuja, kila memba aje na lengo moja jipya, lenye kumfaa yeye na mtu mwingine mmoja mwenye angali njiani.