Francis Aston, Aliyezipima Atomi



Juma hili tumjue Francis William Aston. Alizaliwa mwaka 1877 Harborne, karibu na Birmingham, Uingereza. Alikuwa fundi wa mikono, hata vyombo vya kioo alivipuliza mwenyewe. Kwa miaka mitatu alifanya kazi kiwanda cha bia, kisha akarudi kwenye utafiti.

Mwaka 1910 alikwenda Cambridge kumsaidia Profesa J. J. Thomson. Walipoipima gesi ya neoni waliona alama mbili: moja ya uzito wa 20, nyingine hafifu ya 22. Je, neoni ni za aina mbili? Siku zile wengi waliamini atomi zote za kitu kimoja zina uzito sawa. Aston aliipitisha gesi ile mara nyingi kwenye udongo wenye vitundu vidogo mno ili azitenganishe. Tofauti aliyoipata ilikuwa ndogo, haikutosha kumaliza ubishi. Mara vita vya 1914 vikaanza, kazi ikasimama.

Vita vilipokwisha alirudi, na mwaka 1919 akaunda mashine mpya. Fikiri jani na jiwe vikipigwa na upepo mmoja: jani hupeperuka, jiwe halisogei. Aston alizitia atomi chaji ya umeme, zikawa ioni, akazipitisha penye nguvu za umeme na sumaku. Nyepesi zilipinda sana, nzito zilipinda kidogo. Kila kundi liligonga mahali pake kwenye kioo cha picha, likaacha mstari. Neoni 20 na 22 zikaonekana wazi!

Atomi hizo za jina moja na uzito mbalimbali huitwa isotopu. Aston aligundua zaidi ya 200, akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1922. Alifariki mwaka 1945.

Mwaka uliofuata, Mmarekani William Stephens alipendekeza njia nyingine: zisukume ioni zote kwa nguvu moja, upime muda wa safari. Nzito hufika mwisho. Tena kwa kuwa huenda polepole, kuzinasa ni kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana mafundi huzisukuma kwa umeme mkali.

Sisi wauguzi tunaiona faida yake. Maabara nyingi za hospitali hutumia njia hii kutambua bakteria walioteshwa kutoka kwa mgonjwa. Jibu hutoka kwa dakika chache, na dawa inayofaa huanza mapema.

Swali la nyumbani: mwulize mzazi, kwa nini jiwe halipeperuki kama jani? Mjibuni pamoja, kwa Kiswahili.