Maisha ya Mama Kevin

Ifahamike ya kwamba Samia na mashariki ya Uganda zilikuwa katika jimbo moja la Wakatoliki hata mwaka 1925. Ndimo alimofanya kazi Mama Kevin, aliyezaliwa Ireland mwaka 1875 kwa jina la Teresa Kearney. Alifika Nsambya mwaka 1903 pamoja na masista watano, wakaanza kutibu wagonjwa chini ya mwembe.

Wanawake wengi walikuwa wakifa kwa uzazi, lakini sheria ya Kanisa iliwakataza masista kazi ya ukunga. Ni ajabu kwetu, maana huku ukunga ni elimu ya wanawake tangu enzi za bibi zetu. Mama Kevin hakukaa kungoja. Alimpata daktari mwanamke asiye mtawa, Evelyn Connolly, na wasichana Waafrika wakafundishwa ukunga pale Nsambya. Roma iliondoa katazo hilo mwaka 1936.

Mwaka 1923 alikwisha kuanzisha shirika la masista Waafrika huko Nkokonjeru, ambao baadaye walivuka mpaka wakahudumu Kenya pia. Alifariki Marekani mwaka 1957; mwili wake ukaletwa Uganda, ukazikwa Nkokonjeru.