Edsger Dijkstra (1930–2002): Maisha ya Mtunzi wa Programu na Tatizo la Nyuzi Nyingi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mafahari wawili hawakai zizi moja. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumzia siasa na ugomvi wa majirani. Hata hivyo, yaeleza barabara tatizo ambalo limewasumbua watunzi wa programu za tarakilishi kwa zaidi ya nusu karne: vipi kazi mbili au zaidi zinazoendelea kwa wakati mmoja zitatumia kitu kimoja bila kukiharibu? Makala haya yanasimulia maisha ya Edsger Wybe Dijkstra, Mholanzi aliyelikabili tatizo hilo mapema kuliko wengi. Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa Kiswahili ana haja gani na mtu huyo. Jibu litajitokeza kabla ya tamati.

Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei 1930 mjini Rotterdam, Uholanzi. Babake alikuwa mwanakemia na mwalimu, naye mamake alikuwa mwanahisabati. Alipokuwa kijana alitamani kusomea sheria ili siku moja aiwakilishe nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Lakini alama zake katika hisabati na sayansi zilikuwa za juu mno hivi kwamba alishauriwa kufuata mkondo huo, akajiunga na Chuo Kikuu cha Leiden kusomea fizikia. Mnamo 1951 alihudhuria kozi fupi ya utunzi wa programu mjini Cambridge, Uingereza. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika Kituo cha Hisabati mjini Amsterdam, na hapo ndipo safari yake ilipoanza hasa.

Enzi hizo kazi ya kutunga programu haikutambuliwa kuwa taaluma. Alipofunga ndoa na Maria Debets mwaka 1957, Dijkstra alitaka kuandikisha kuwa yeye ni mtunzi wa programu. Maafisa wa manispaa walikataa katakata, kwani kwao hapakuwa na kazi kama hiyo. Ikambidi aandikwe kuwa mwanafizikia.

Wakati huohuo wenzake, Bram Loopstra na Carel Scholten, walikuwa wakiunda tarakilishi iliyoitwa X1. Mashine hiyo ilikuwa na uwezo wa kukatiza kazi moja ili kushughulikia jambo la dharura, kisha kuirejelea kazi ya awali. Wabunifu waliufurahia uwezo huo kwa kuwa uliokoa muda. Dijkstra naye aliingiwa na hofu. Alitambua kuwa, kwa vile ukatizaji ungeweza kutukia wakati wowote, programu ingeweza kufanya kosa leo na isilirudie kesho hata ikipewa data zilezile. Alisita kabla ya kukubali, kisha akaifanyia kazi changamoto hiyo. Programu alizoiandikia X1 ndizo zilizokuwa msingi wa tasnifu yake ya uzamifu ya mwaka 1959.

Ili tuielewe hofu hiyo, tuchukue mfano wa akaunti ya benki yenye shilingi 10,000. Tuseme programu ina nyuzi mbili za utekelezaji, yaani mikondo miwili ya maagizo inayokwenda sambamba. Uzi wa kwanza unataka kuongeza shilingi 3,000, wa pili shilingi 2,000. Kila uzi husoma salio, hujumlisha, kisha huandika salio jipya. Iwapo nyuzi zote mbili zitasoma 10,000 kabla ya yeyote kuandika, wa kwanza utaandika 13,000 na wa pili utaandika 12,000 juu yake. Shilingi 3,000 zimetoweka bila mwizi! Ubaya zaidi ni kwamba programu hiyohiyo yaweza kujaribiwa mara elfu moja na kutoa jibu sahihi kila mara, kwa sababu nyuzi hazikukutana katika nukta hiyo ya hatari.

Dijkstra, ambaye aliziita nyuzi za namna hii michakato, aliwapa wenzake kitendawili: je, michakato miwili isiyojuana kasi yaweza kuhakikishiwa kuwa haitaingia pamoja katika sehemu nyeti ya programu? Wengi walileta majibu, na mengi yakaonekana kuwa na kasoro. Theodorus Dekker ndiye aliyetoa suluhisho sahihi la michakato miwili. Mnamo 1965 Dijkstra alichapisha suluhisho la michakato ya idadi yoyote. Hata hivyo, mwaka mmoja baadaye Donald Knuth alionyesha kuwa katika suluhisho hilo mchakato mmoja ungeweza kusubiri milele huku wengine wakipita mbele yake. Usalama ulikuwepo, haki ya zamu haikuwepo.

Kufikia wakati huo Dijkstra alikuwa amehamia Eindhoven, alikofunza hisabati kuanzia 1962. Huko alibuni semafori, jina alilolitoa katika ishara za reli. Kama vile mlingoti wa ishara unavyolizuia garimoshi hadi njia iwe wazi, semafori huuzuia mchakato hadi mwenzake amalize. Lakini dawa hii nayo ina madhara yake. Katika fumbo lake mashuhuri, ambalo Tony Hoare alilipa sura tuijuayo, wanafalsafa watano wameketi mezani wakiwa na nyuma tano, na kila mmoja anahitaji nyuma mbili ili ale. Iwapo kila mmoja atachukua uma wa kushoto kwanza, hapana atakayepata wa kulia, na wote watakufa njaa wakisubiriana. Huu ndio mkwamo. Huondoka ikiwa mmoja wao tu ataanza na uma wa kulia.

Pamoja na kikundi kidogo cha wenzake, Dijkstra aliunda mfumo wa uendeshaji ulioitwa THE, akaueleza katika makala ya mwaka 1968. Mfumo huo ulijengwa kwa matabaka, kila tabaka likihakikiwa kabla ya lile la juu yake kuongezwa. Aliripoti kuwa makosa yaliyojitokeza wakati wa majaribio yalikuwa madogo na mepesi kurekebishwa. Msimamo wake ulikuwa kwamba majaribio yanaweza kufichua makosa lakini kamwe hayathibitishi kuwa makosa hayapo. Mnamo 1972 alitunukiwa Tuzo ya Turing.

Matukio ya baadaye yalimpa haki. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mnururisho iliyoitwa Therac-25 iliwaunguza wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada kwa kipimo cha kupindukia, na baadhi yao wakafa. Kisababishi kimojawapo kilikuwa kazi za programu zilizogongana pale mhudumu aliporekebisha maagizo kwa haraka. Mashine hiyo ilikuwa imewahudumia wagonjwa wengi bila tatizo lolote.

Dijkstra mwenyewe hakusalimika na mitego hii. Mwaka 1978 yeye na wenzake wanne walichapisha mbinu ya kusafisha kumbukumbu ya tarakilishi huku programu ikiendelea kuitumia. Kabla ya hapo, toleo la awali walilolidhani sahihi lilikuwa limegunduliwa kuwa na kosa. Hawakulificha, walikiri jinsi kazi hiyo ilivyowatega. Ikiwa bingwa aliteleza, mwanagenzi ana sababu gani ya kujigamba?

Hapa ndipo sisi wanalugha tunapoingia. Dijkstra aliamini kuwa, mbali na kipawa cha hisabati, umilisi wa hali ya juu wa lugha ya mama ndio rasilimali kuu ya mtunzi wa programu. Asiyeweza kueleza wazo lake kwa sentensi nyofu hajalielewa, na katika programu za nyuzi nyingi jambo lisiloelewekа ndilo linaloficha kosa. Yeye mwenyewe aliandika zaidi ya hati 1,300, nyingi kwa kalamu ya wino, akazinakili na kuwatumia wenzake.

Alifunza katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kuanzia 1984 hadi alipostaafu mwaka 1999. Aliaga dunia tarehe 6 Agosti 2002 nyumbani kwake Nuenen, Uholanzi, baada ya kuugua saratani. Leo hata rununu zilizomo mifukoni mwetu huendesha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, na pesa zetu hupitia humo. Basi kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili za taaluma hii si pambo. Mwanafunzi atakayeweza kulieleza tatizo hili kwa lugha anayoimudu ndiye atakayeliona kosa kabla halijamfikia mgonjwa au mwenye akaunti.