Maisha ya Bwana Kristen Nygaard

Wenzangu wengi wa somo la kompyuta huitaja Java kila siku, lakini wachache wamjua mzee ambaye lugha hiyo ni kama mjukuu wake. Huyo ni Bwana Kristen Nygaard, aliyezaliwa Oslo, nchi ya Norwei, tarehe 27 Agosti 1926.

Mwaka 1948 aliajiriwa katika idara ya utafiti wa ulinzi, na mwaka 1960 akahamia Kituo cha Kompyuta cha Norwei. Huko yeye na Bwana Ole-Johan Dahl walitengeneza lugha ya Simula. Katika Simula 67, iliyotokea mwaka 1967, programu ni kundi la vitu. Kila kitu kina habari zake na kazi zake, nacho chaweza kukishika kingine na kukituma.

Bwana Nygaard alipenda kufundisha kwa mfano wa mkahawa. Mimi nitatumia duka la mjomba wangu, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mteja huagiza suruali kwenye kaunta. Mjomba hashoni hata kifungo. Hulipeleka agizo kwa fundi aliye nyuma ya pazia, kisha humkabidhi mteja suruali kwa mkono wake mwenyewe. Huko ndiko kukasimu kazi. Likizo iliyopita fundi aliugua, akashika mwingine, wala wateja hawakutambua, kwa kuwa kaunta ilikuwa ileile.

Lakini mteja atakaye kudariziwa, mjomba humwelekeza moja kwa moja kwa mdarizi aliye humo ndani. Hii ni njia ya pili, ya kuunganisha. Ina sharti gumu: mdarizi akiulizwa habari za duka, yampasa ajibu kwa jina la mjomba, si lake, la sivyo mteja hatajua njia ya kurudi kaunta. Kanuni za njia hizi ziliwekwa na watu wengine baadaye; mbegu ilikuwa Simula.

Ila pazia humficha fundi, na hapo ndipo nampenda Bwana Nygaard zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kwa chama cha wafanyakazi wa chuma, akakaa nao wachunguze kompyuta itazifanya nini kazi zao. Mwaka 1975 waajiri na wafanyakazi wa Norwei walifanya mapatano ya nchi nzima juu ya mashine hizo. Katika Chuo Kikuu cha Oslo, alikofundisha, ndiko ilikotengenezwa baadaye DHIS2, programu iliyoandikwa kwa Java, ambayo Wizara yetu ya Afya huitumia kukusanya takwimu za zahanati na hospitali.

Yeye na Bwana Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Bwana Dahl alifariki tarehe 29 Juni 2002, naye Bwana Nygaard akamfuata tarehe 10 Agosti, majuma sita tu baadaye.